Anwani ya mhasibu aliyeondoka: uchambuzi wa kisa kimoja cha seva ya baruapepe

Kampuni yenyewe ni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, wafanyakazi hawafiki thelathini, na ina seva yake ya baruapepe inayoendeshwa kwa programu za Postfix (ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (ya kufungulia masanduku). Mhasibu wao aliacha kazi vizuri tu, bila ugomvi. Alirudisha laptopu na funguo, akaagwa, akaenda zake. Anwani yake ikabaki. Hapa nitaiandika mhasibu@kampuni.example, ingawa ile halisi ilikuwa jina lake la kwanza, kama ilivyo kawaida kwenye ofisi nyingi ndogo.

Nilipoitwa, hakuna aliyeitaja anwani hiyo. Lalamiko lilikuwa kwamba wateja wenye Gmail wanapata barua za kampuni kwa kuchelewa, nyingine saa kadhaa baada ya kutumwa. Kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini, saa kadhaa ni pesa, maana kontena likipitisha muda wake gharama za kulihifadhi zinaanza kuhesabiwa. Mkurugenzi naye alikuwa na lake la pembeni: sanduku lake linajaa takataka kila asubuhi, hadi barua za maana zinapotelea humo.

Logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ilichofanya, zilitoa jibu mapema. Kila mara seva ilipojaribu kupeleka barua Gmail, ilikuwa ikijibiwa 421 4.7.28. Tarakimu ya kwanza ikiwa 4, maana yake ni "si sasa, jaribu baadaye". Hiyo 4.7.28 ndiyo namba ambayo Google huitoa inapoona anwani ya IP, namba inayoitambulisha seva mtandaoni, inatuma barua taka kwa wingi usio wa kawaida. Kampuni haikuwa inatuma matangazo ya aina yoyote. Basi takataka hizo zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye fowadi, mpangilio wa kusukuma barua za anwani moja kwenda nyingine. Aliyekuwa akishughulikia TEHAMA hapo awali aliweka mpangilio kwamba kila barua ya mhasibu ielekezwe kwenye Gmail binafsi ya mhasibu huyo "kwa mwezi mmoja, hadi wateja wazoee". Mwezi ukapita, fowadi ikabaki. Anwani ile ilikuwa imechapwa kwenye ankara kwa miaka, imewekwa kwenye tovuti ya kampuni, imejazwa kwenye fomu za kila aina, kwa hiyo ilikuwa imeingia kwenye kila orodha ya watumaji taka unayoweza kuifikiria. Takataka yote hiyo ilipokelewa na seva ya kampuni na kusukumwa Gmail ikiwa imebeba IP ya kampuni. Kwa upande wa Gmail, mtumaji taka ni yule aliyebisha hodi mlangoni kwao, na aliyebisha ni kampuni.

Fowadi ina kasoro nyingine ambayo haionekani mpaka uchimbe. SPF, utaratibu ulioandikwa mwaka 2014 kwenye RFC 7208 (RFC ni hati za kanuni za mtandao), huangalia kama IP inayoleta barua imeruhusiwa na kikoa cha mtumaji, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yake. Benki ikimwandikia mhasibu, na seva ya kampuni ikaipeleka barua hiyo Gmail ikiwa bado na jina la benki kama mtumaji, IP ni ya kampuni na benki haijawahi kuiruhusu. SPF inafeli. Saini ya DKIM, muhuri wa kidijitali ambao kikoa cha mtumaji huuweka kwenye barua, kama ipo na barua haijaguswa njiani, inaweza kuiokoa. Barua isiyo na saini hiyo inafika ikiwa tayari inashukiwa.

Fowadi niliifuta siku ileile. Kabla ya kuifuta nilimpigia simu mhasibu mwenyewe, kwa heshima, nimwarifu. Akacheka. "Kaka, mimi mbona nilishawaambia mnitoe? Hadi karatasi za wateja wenu zinaniingilia kwenye simu."

Kauli hiyo ilibadilisha uzito wa kazi. Karatasi gani?

Kwenye korido ya ofisi ile kuna mashine kubwa ya fotokopi inayoskani na kutuma kwa baruapepe. Kwenye kioo chake kuna vitufe vya majina, na kitufe cha kwanza juu kushoto kilikuwa "UHASIBU". Kila aliyetaka kuskani ankara au hati ya shehena alikibonyeza hicho kwa mazoea. Nyuma ya kitufe hicho ilikaa anwani ya mhasibu aliyeondoka. Kwa hiyo hati za wateja, zenye majina, thamani ya mizigo na namba za mlipakodi, zilikuwa zikitoka ofisini kwenda kwenye simu ya mtu ambaye si mfanyakazi tena. Yeye hakuwa na kosa lolote, tena alikuwa akizifuta. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haipimi ukarimu wa aliyezipokea. Swali lake linaelekezwa kwa aliyekabidhiwa taarifa hizo: zilifikaje huko? Mkurugenzi aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kijana, futa hiyo anwani sasa hivi."

Nilimwomba asubiri. Watu wengi wanaokumbana na kadhia hii hukimbilia kufuta, na sababu ni kwamba wanaiona anwani kama sanduku la kupokelea tu. Anwani iliyotumika miaka mingi ofisini ni pia jina la kuingilia kwenye mifumo ya nje. Kuna akaunti za benki mtandaoni, lango la kampuni za meli, mifumo ya serikali, akaunti ya programu ya uhasibu. Mtu akisahau nywila ya mfumo wowote kati ya hiyo, kiungo cha kuiweka upya kinatumwa kwenye anwani ileile. Ukiifunga kabla ya kuhamisha hizo akaunti, umejifungia nje mwenyewe.

Nikaelekeza barua zake zote kwenye sanduku lililofungwa lisilosomwa na mtu, nikaacha logi zifanye kazi ya kuhesabu. Logi ya Postfix haionyeshi kilichomo ndani ya barua. Inaonyesha aliyetuma, aliyetumiwa na ukubwa. Kwa kazi hii hayo yanatosha kabisa, na yananiepusha na jambo nisilolipenda, la kusoma barua za mtu. Kwenye sanduku lile kulikuwa na taarifa za SACCOS yake na za hospitali, nimezijua kwa majina ya watumaji tu. Hizo tulimwambia yeye, akawapa wahusika anwani yake mpya. Mkurugenzi alitaka nimfungulie sanduku zima "tuone kilichomo". Nilimpa folda za wateja na wasambazaji, kazi za kampuni, basi.

Tulisubiri mwezi mzima wa hesabu upite. Hesabu za ofisi zina majira yake: ritani ya VAT hutakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kuna michango ya NSSF, kuna taarifa za benki za mwisho wa mwezi. Ukiangalia wiki moja tu ya logi, hivyo vyote vinaweza visijitokeze. Mwishoni orodha ya watumaji ilijigawa yenyewe: watu wanaoandika kwa mkono, mifumo inayoandika yenyewe, na uchafu. Uchafu ulikuwa mwingi kupita hayo mengine mawili kwa mbali.

Katika kundi la mifumo kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Vikumbusho vya kulipia kikoa cha kampuni, kile cha .co.tz, vilikuwa vikienda kwa mhasibu. Yeye ndiye alikuwa akilipia kila mwaka, kwa hiyo msajili alimwandika yeye kama mtu wa kuwasiliana naye. Tungefunga anwani siku ya kwanza kama mkurugenzi alivyotaka, kikumbusho kingegonga ukuta, kikoa kingeisha muda, na baruapepe ya kampuni nzima ingezimika pamoja na tovuti. Tukabadilisha mawasiliano hayo kwanza kuliko kitu kingine chochote. Tukaweka anwani mbili, na mojawapo iko nje ya kikoa hichohicho, kwa sababu kikoa kikishazimika hakiwezi kupokea onyo la kuzimika kwake.

Akaunti za mifumo zilipomalizika kuhamishwa kwenda uhasibu@kampuni.example, ndipo mjadala wa zile barua taka ukaanza.

Pendekezo la kwanza la ofisi: zitupwe kimyakimya. Seva izipokee, izimwage. Inavutia kwa sababu haina kelele. Shida ni kwamba itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hupelekeana barua kwazo, tangu RFC 821 ya mwaka 1982 hadi RFC 5321 ya mwaka 2008, imejengwa juu ya ahadi: seva ikishasema 250, yaani "nimepokea", imepokea dhamana ya kuifikisha barua au kumrudishia mtumaji taarifa kwamba imeshindikana. Mteja wa Lubumbashi akituma malipo na stakabadhi kwenye anwani ya zamani, seva ikamjibu "nimepokea" halafu ikaimwaga, atasubiri jibu ambalo haliji. Ataamini amedharauliwa. Yule mtumaji taka naye atajua kuwa anwani ipo hai na ataendelea.

Pendekezo la pili: jibu la kiotomatiki. "Mhasibu ameacha kazi, tafadhali andika uhasibu." Kwa macho ya haraka ni adabu. Ila barua taka karibu zote zina anwani ya mtumaji iliyoghushiwa, mara nyingi ya mtu halisi asiyehusika. Kila barua taka moja ingezaa jibu moja kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kukuandikia, na seva ya kampuni, iliyokuwa imetoka tu kwenye matatizo na Gmail, ingegeuka kuwa mtumaji taka kwa hiari yake. Upanuzi wa vacation (wa majibu ya kiotomatiki) kwenye Sieve, lugha ya kuandikia kanuni za kushughulikia barua, una vizuizi vya busara, kwa mfano kutomjibu mtu yuleyule tena ndani ya siku 7 usipoubadilisha, na kutojibu barua za orodha za matangazo. Vinapunguza, haviondoi. Kama mkurugenzi angeshikilia, ningeliweka nyuma ya kichujio cha taka na kwa muda mfupi tu. Hakushikilia.

Kubofya viungo vya kujiondoa kwenye matangazo kunafaa kwa kampuni halali peke yake. Kwa wale wengine ni kuwathibitishia kuwa kuna mtu anasoma.

Kilichobaki, na ndicho ninachokitetea, ni kukataa mlangoni, mazungumzo ya seva mbili yakiwa bado yanaendelea. Seva ya mtumaji hutaja kwanza nani anatuma, kisha nani anatumiwa, na baada ya hapo tu ndipo humimina barua yenyewe. Hapo katikati, linapotajwa jina la mpokeaji, ndipo pa kusema hapana. Barua haijaingia, hakuna cha kurudisha, hakuna dhamana iliyopokelewa. Kazi ya kumwambia mtumaji kwamba imeshindikana inabaki kwa seva yake mwenyewe, ambayo inamjua. Programu ya mtumaji taka, mara nyingi, haina hata utaratibu wa kupokea taarifa hiyo. Inakata simu na kuondoka.

Kwenye Postfix kazi hii ni faili dogo. Nililiita /etc/postfix/walioondoka, na ndani yake mstari mmoja:

mhasibu@kampuni.example 550 5.1.1 Anwani hii imefungwa. Andika uhasibu@kampuni.example

Kisha postmap ya kulijenga faili, na check_recipient_access kwenye orodha ya masharti ya wapokeaji. Namba 550 ni kukataa kwa kudumu. 5.1.1, kutoka RFC 3463, inasema sanduku hilo halipo. Maneno ya mwisho yako wazi kwako kuyaandika, na yatamfikia mtu wa kweli ndani ya taarifa ya kushindikana atakayoletewa na seva yake. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, orodha ya herufi za msingi za kompyuta, hakuna kitakachoharibika njiani. Postfix huweka mbele yake maneno yake ya Kiingereza, "Recipient address rejected", hayo yaache. Nitasema ukweli, watu wengi hawasomi taarifa za namna hiyo, wanaona Kiingereza kingi na namba na kufunga. Ndiyo maana dada wa mapokezi alipewa majina ya wateja wakubwa kutoka kundi la kwanza na kuwapigia simu mmoja mmoja. Kazi ya nusu siku, na ilifanya zaidi ya mstari wangu.

Mahali pa kuweka sharti hilo pana umuhimu wake. Mafundi wengi huanza orodha na permit_mynetworks, yaani walio ndani ya mtandao wa ofisi wapite bila kuulizwa. Ukiweka sharti lako baada ya hapo, dunia yote itakataliwa isipokuwa mashine ya fotokopi. Ile mashine iko ndani ya mtandao. Nililiweka juu kabisa, nikaenda kwenye korido kubadilisha kile kitufe, nikaskani karatasi tupu kuhakikisha.

Kabla ya kukata kabisa niliwasha soft_bounce. Mpangilio huo hugeuza kila jibu la 5 kuwa la 4, kwa hiyo kama umekosea mstari, barua za watu hazirudi. Zinabaki kwenye foleni za watumaji na kujaribiwa tena. Logi ikionyesha kwamba wanaokataliwa ni wale uliowakusudia tu, unakizima. Kukisahau kikiwa kimewashwa ni balaa la aina yake, maana seva halali zitaendelea kubisha hodi kwa siku nne, tano, kabla ya kukata tamaa.

Nilidhani kazi imeisha. Siku chache baadaye, foleni ya seva ya pili ilikuwa imejaa.

Kampuni ilikuwa na seva ya akiba, kwa bei rahisi, nje ya nchi, iliyowekwa ili umeme ukikatika Dar barua zisipotee. Kwenye DNS, orodha ya mtandaoni inayoonyesha pia barua za kikoa ziende seva ipi, seva kuu ilikuwa na MX 10, na hiyo ya akiba MX 20. Seva halali hujaribu namba ndogo kwanza. Watumaji taka wengi hufanya kinyume kwa makusudi, wanakwenda moja kwa moja kwenye namba kubwa, kwa sababu wanajua seva ya akiba huwa haina ulinzi. Hii haikuwa na orodha ya wafanyakazi: relay_recipient_maps ilikuwa tupu, na kwenye Postfix tupu maana yake ni kupokea jina lolote la kikoa hicho. Inapokea, inaipeleka seva kuu, seva kuu inakataa kwa 550, na sasa seva ya akiba imeshika barua ambayo tayari iliahidi kuifikisha. Inalazimika kumrudishia "mtumaji", yule wa kughushi. Ni lile jambo hasa tulilokuwa tumelikimbia kwenye jibu la kiotomatiki, likirudi kwa mlango wa nyuma.

Ungeweza kunakili orodha ya anwani halali kwenda seva ya akiba na kuifanya ijisasishe. Inafanyika, na kwa kampuni kubwa ningefanya hivyo. Kwa ofisi hii niliiondoa kabisa. Seva za watumaji zina foleni zao. RFC 5321 inazitaka zisikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, na hakuna mgao wa umeme mjini ambao jenereta ya jengo lile haliuhimili kwa muda huo. Seva ya akiba ilikuwa inalipiwa kila mwezi kwa ajili ya kupokea taka.

Sanduku la mkurugenzi lilikuwa na chanzo cha karibu na hicho. Seva kuu iliwekewa mpangilio wa kupokea yote: jina lolote ambalo halipo, liende kwa bosi, "tusikose mteja aliyekosea herufi". Watumaji taka hujaribu majina kwa kubahatisha, juma, asha, sales, admin, na kila moja lilikuwa linamfikia. Kuuzima ni kufuta mstari mmoja, lakini kwanza nilipitia logi kuona ni majina gani yasiyo rasmi yanayopokea barua za kweli. Yalikuwepo machache, pamoja na moja lililokosewa herufi kwenye mhuri wa kampuni na ambalo wateja walikuwa wakilinakili vilevile. Hayo niliyapa njia zake rasmi. Niliongeza postmaster na abuse pia, kwa sababu ukizima kupokea yote bila hizo, wanaotaka kukuarifu kwamba seva yako ina tatizo hawatakuwa na pa kukuandikia.

Jibu la 421 kutoka Gmail liliendelea kwa muda, likapungua, likakoma. Sifa ya IP hairudi kwa kuomba, inarudi kwa kutotuma taka.

Kisha akaajiriwa mhasibu mpya, na jina lake la kwanza ni lilelile. Mkurugenzi akafurahi: mpe anwani ile, hata kadi za zamani zitafaa. Nikakataa, kwa sababu kosa hilo lilishafanywa na wakubwa zaidi. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba itazitoa upya anwani zilizokaa mwaka mzima bila kutumika, na baadhi ya waliozipata wakajikuta wakipokea barua za wenye nazo wa zamani, zikiwemo za akaunti zao. Mwaka uliofuata, 2014, ilitoka RFC 7293, inayomwezesha mtumaji kusema: fikisha barua hii ikiwa tu mwenye anwani ni yuleyule tangu tarehe fulani. Inategemea mtumaji kuitumia, na SACCOS ya mhasibu wa kwanza haitumi kitu cha namna hiyo.

Mhasibu mpya alipewa anwani yenye jina lake la kwanza na la ukoo, na kazi zote za kampuni zinapita uhasibu@kampuni.example. Mstari kwenye faili la walioondoka umebaki, na juu yake nimeandika maelezo yanayoanza na alama ya reli: umefungwa lini, kwa nini, na usitolewe bila kumuuliza mkurugenzi. Faili sasa lina majina manne.